Skrini iliniambia njia nyeupe

Asubuhi ile nilikuwa natoka getini kwa rivasi kama kawaida. Sisi tunakaa Ngamiani, na aliyeishi kwenye barabara hizi za namba anajua nyumba zilivyobanana, uwanja mdogo, geti linafungukia barabarani moja kwa moja, ukitoa tako la gari tu umeshaingia kwenye njia ya watu. Nikaweka rivasi, picha ya nyuma ikaja kwenye skrini: barabara tupu, nguzo ya geti upande wa kushoto, ndoo ya bluu ya jirani ipo pale pale anapoiwekaga. Nikaachia breki taratibu. Nikatupa jicho kwenye saiti mira ya kulia, ndo nikamuona mzee mmoja na baiskeli yake, nyuma kafunga matenga mawili ya madafu, anakatiza polepole nyuma ya gari yangu wala hana habari.

Nikakanyaga breki.

Nikashusha kioo, shikamoo mzee, samahani sana. Akaitikia marahaba mwanangu, akakaza kamba ya tenga moja, akaendelea na safari yake. Gari yangu ni ya umeme, haina muungurumo wa injini wa kumshtua mtu, kwa hiyo yeye hakusikia chochote. Nikarudisha macho kwenye skrini. Barabara tupu. Nguzo. Ndoo ya bluu.

Kwenye skrini hakuna mtu aliyepita.

Hiyo ndo habari ambayo imenikaa kichwani wiki kadhaa sasa, nikipika naiwaza, nikilala naiwaza, na nimeona niiandike hapa kwa sababu haya magari ya umeme yaliyotumika yameanza kuonekana hata huku kwetu Tanga, na kila ninayemsimulia ananiambia "ah, hiyo imestaki tu, zima uwashe."

Zima uwashe

Ni kweli, nilizima nikawasha. Nilishikilia kile kitufe cha redio mpaka skrini ikawa nyeusi, ikawaka, ile sauti ya dada wa ndani ya gari ikasema maneno yake ya Kijapani kuhusu kadi ya kulipia barabara kama inavyosema kila ukiwasha (wenye gari za Japani mnaijua), na picha ya nyuma ikarudi ikiwa hai. Wenye Tesla, yale magari ya umeme ya Kimarekani, nao wana namna yao, wanashikilia vile vigurudumu viwili vya kwenye usukani mpaka skrini izime na kuwaka upya. Magari mengi ya skrini yana njia yake ya kuristati skrini bila kuzima gari nzima, ni jambo la kulijua kabla halijakukuta, na ulifanye gari ikiwa imesimama.

Lakini mimi kilichonisumbua ni hiki: ristati inatibu na papo hapo inafuta ushahidi. Ukishawasha upya kila kitu kiko sawa, fundi akija anakuta gari nzima, anakuangalia kama umemuita bure. Mpwa wangu anayesomea kompyuta akanieleza vizuri, kwamba ile kompyuta ya skrini ikiwaka upya inaanza na meza safi, kilichokuwa kimekwama kwenye memori kinatoweka pamoja na sababu yake. Nikamuuliza sasa kwa nini isijiristati yenyewe kama imekwama? Akasema kwa kawaida ndani kuna kisaa kidogo cha ulinzi, programu inatakiwa kila mara iambie kile kisaa "nipo", ikikaa kimya muda fulani kisaa kinaizima na kuiwasha. Ila sehemu ya kusema "nipo" inaweza ikawa inaendelea vizuri kabisa huku sehemu ya kuchora picha imekufa. Kisaa kinaridhika, na wewe uliyekaa kwenye usukani unaangalia picha ya zamani.

Hapo nikamwelewa.

Basi nikaanza kuandika. Daftari la kawaida likakaa kwenye droo ya gari, kila skrini ikistaki kabla sijagusa kitu naandika saa, gari imelala muda gani, chaji imebaki ngapi, kuna joto au baridi, flashi imechomekwa au la, simu imeunganishwa au la, na kitu cha kwanza kugoma kilikuwa kipi. Alafu ndo naristati.

Mama na swali lake

Mama hakujali flashi wala memori. Yeye aliniuliza kitu kimoja tu, "Hiyo TV ikiganda tukiwa njia ya Muheza, na breki zinaganda?"

Swali zuri sana, na nadhani ndo swali la kila mtu anayeogopa haya magari, kwa hiyo sikumjibu kwa haraka, nilienda nikasoma, nikauliza, nikarudi. Jibu ni hapana, na sababu yake ni kwamba gari ya kisasa haina kompyuta moja. Zipo nyingi, ndogo ndogo, kila moja na kazi yake: moja inaendesha mota, moja breki, moja usukani, moja inasimamia betri kubwa, moja mifuko ya hewa. Zinaongea kwa jozi ya nyaya za pamoja, mtandao unaoitwa CAN ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutambulisha mwaka 1986 na mpaka leo magari karibu yote yanautumia. Skrini ya katikati ni msikilizaji kwenye huo mtandao, inaonyesha, inapokea maagizo madogo kama ya kiyoyozi, lakini breki haiiombi ruhusa. Mara zote skrini yangu ilipoganda gari iliendelea kutembea, kukata kona na kusimama kama kawaida, na spidi niliiona kwenye dashibodi mbele yangu. (Kuna magari spidi iko kwenye hiyo hiyo skrini ya katikati, Tesla Model 3 mfano, huko ikizima unabaki huoni spidi ingawa gari inatembea.)

Mama akaridhika kuhusu breki. Alafu akasema, "Sasa kama skrini haina kazi kubwa kwa nini wewe unaitazama ukirudi nyuma?"

Hapo sikuwa na jibu la haraka.

Nilimshuku jua

Mshukiwa wangu wa kwanza alikuwa joto. Si mnaijua Tanga, mwezi wa pili mchana hapa ukiacha gari nje ukirudi usukani haushikiki, na ile skrini nyeusi inakuwa kama kikaango. Tena nilikuwa na mfano mkononi: mwaka 2022 Tesla waliita magari kama 130,000 Marekani kwa marekebisho kwa sababu prosesa, yaani ubongo wa skrini, ilikuwa haipozwi vya kutosha wakati gari inachajiwa kwa kasi au inajiandaa kwa hiyo chaji, inapata joto, skrini inakuwa nzito au inazima kabisa, na pamoja nayo inaondoka picha ya kamera ya nyuma. Walirekebisha kwa apdeti ya programu tu, gari ikabadilishiwa namna ya kugawa ubaridi. Nikasema basi, na yangu ni hivyo hivyo, nikanunua lile karatasi la kung'aa la kuziba kioo cha mbele, nikawa natafuta kivuli cha mwembe kila ninapopaki.

Daftari likakataa.

Nilipokaa kulisoma vizuri niliona kwamba mchana wa jua kali, gari imepaki bandarini au Chumbageni masaa, skrini ilikuwa inawaka bila tatizo. Kuganda kulikuwa asubuhi. Asubuhi na mapema, kuna kaubaridi, umande kwenye kioo, gari imelala usiku kucha. Na hasa zile asubuhi za baada ya gari kukaa bila kutembea, kama Jumatatu tukiwa hatujatoka Jumapili. Kama joto ndo mhalifu asingefanya kazi saa kumi na mbili alfajiri akapumzika saa saba mchana.

Nikahamia kwenye flashi. Ina qasida za mama na taarabu zangu, mafaili mengi, mengine yamekopiwa kopiwa mpaka yameharibika, na ni kweli kabisa kwamba faili bovu linaweza kuikwamisha redio ya gari pale inapojaribu kuyasoma yote kwa mpigo. Nikaichomoa nikaiweka ndani. Asubuhi moja ikapita salama, nyingine pia, nikaanza kufurahi, kisha ikaganda tena bila flashi na bila simu. Ikabaki mimi na lile neno kwenye daftari linalojirudia: asubuhi, asubuhi, asubuhi.

Na ndo nikaona kitu kilichonitia baridi. Asubuhi ndo wakati natoka getini kwa rivasi. Yaani ugonjwa wa hii gari unakuja saa ile ile ninayoihitaji kamera kuliko saa zote, saa ambayo watoto wa shule wanapita, wa chuoni wanapita, baiskeli za Tanga zinapita. Mchana nikirudi nyuma kwenye uwanja mpana skrini ni nzima.

Betri ndogo

Fundi niliyempata yuko Makorora, fundi umeme wa magari wa siku nyingi, na kabla ya yote akaniambia, "Dada, zile nyaya za rangi ya chungwa mimi sizigusi, kule kuna volti zaidi ya mia tatu na sina vifaa vyake." Nikampenda hapo hapo. Nikamwambia sihitaji uguse huko, nataka unisikilize tu, nikamsomea daftari. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akauliza swali moja: "Ile betri ndogo umeibadilisha lini?"

Wengi hawajui kwamba gari ya umeme, pamoja na lile betri kubwa la chini, ina betri ndogo ya volti 12 kama ya gari yoyote. Hiyo ndo inaamsha kompyuta, inafungua milango, inawasha skrini. Betri kubwa linabaki limekatwa mpaka betri ndogo iamshe mitambo na kufunga swichi zake. Gari ikishawaka kweli, kuna kifaa kinachopunguza umeme wa betri kubwa na kuanza kuilisha ile ndogo, kazi ya oltaneta kwenye gari ya mafuta.

Tukapanga aje asubuhi, gari ikiwa haijaguswa tangu jana yake. Akafungua boneti, akaweka nyaya za mita ya kupimia umeme kwenye vichwa vya betri. Kichwa cha hasi kilikuwa na unga unga mweupe wenye rangi ya kijani, chumvi chumvi, upepo wetu wa bahari unajulikana. Mita ikasoma 11.9. Betri ya asidi ikiwa nzima na imejaa, imepumzika, inatakiwa isome 12.6 hivi. Akaniambia, "Sasa washa, mimi naangalia." Nikabonyeza. Akaniita niende nione mwenyewe kwa hiyo nikazima, tukasubiri gari ilale tena, nikasimama mimi kwenye mita na yeye akawasha.

Namba zikaanguka. 11.9, zikateremka mpaka 9 na kitu, nikasikia pampu ya breki ikinguruma, rilei, zile swichi za umeme, zikalia tak tak, kisha kama kufumba na kufumbua zikaruka 14 na zikatulia hapo. Ile kuanguka ilikuwa ni chini ya sekunde mbili. Lakini ndani ya hizo sekunde ndo skrini inaamka, inasoma memori yake, inajipanga. Umeme haukushuka kiasi cha kuizima, ungeizima ingekuwa afadhali, ingeanza upya. Ulishuka kiasi cha kuivuruga.

Fundi akafunga mita akasema sentensi ambayo ndo imefungua kila kitu: "Hii ingekuwa ya petroli ungeshalala njiani zamani."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema gari ya petroli ina stata, na stata inakula umeme mwingi kwa mara moja, betri ikianza kuchoka unaisikia, inavuta kwa shida, nyu-nyu-nyu, mtaa mzima unajua kwamba jamaa betri yake imeisha. Gari ya umeme haina stata. Betri ndogo inachoka kimya kimya, hakuna mlio wa kukwambia, na dalili zinatokea mahali ambapo hukutarajia kabisa: skrini inaganda, taa ya onyo isiyoeleweka inawaka, funguo inakataa, mtu anapima gari kwa mashine anaona makosa kumi ya mifumo tofauti na anaanza kukuuzia vifaa. Na betri za asidi zinakufa haraka kwenye joto, kwa hiyo betri ambayo Japani ingekaa miaka, huku kwetu inawahi.

Kwa hiyo joto lilikuwemo. Lilifanya kazi yake polepole kwenye betri, mimi nilikuwa nalitafuta kwenye skrini.

Tukabadilisha betri, tukasafisha vichwa, tukapaka grisi. Kwa atakayefanya hivyo: chaja iwe imechomolewa, funguo iwe mkononi mwako na mlango wazi usije ukajifungia, spana namba 10, anza kufungua hasi, na ukirudisha hasi iwe ya mwisho. Tangu hapo skrini haijaganda. Asubuhi inayofuata na zilizofuata, Jumatatu pia.

Ningeweza kuishia hapa.

Picha iliyokufa

Lakini mzee wa madafu hajanitoka. Kwa sababu betri imeeleza kwa nini skrini iliganda, haijaeleza kwa nini skrini iliyoganda iliruhusiwa kuendelea kunionyesha barabara tupu.

Hebu fikiria tofauti. Skrini ikizima kabisa, ikawa nyeusi, nafanya nini? Nageuza shingo. Natazama saiti mira zote mbili, nashuka nikiona shaka. Nakuwa dereva kama marehemu baba alivyokuwa na pikapu yake isiyokuwa hata na kioo cha ndani. Skrini nyeusi inasema kweli, inasema sioni. Ila iliyoganda inaongea kwa uhakika ule ule wa siku zote, rangi zile zile, mistari ile ile ya njano na nyekundu, na inaniambia jambo ambalo lilikuwa kweli sekunde chache zilizopita. Sekunde chache ndo muda wote baiskeli inaohitaji kufika nyuma ya gari.

Na hizi kamera hazikuwekwa kwa urembo. Marekani mwaka 2002 mtoto wa miaka miwili, Cameron Gulbransen, alifariki baada ya baba yake mzazi kurudisha gari nyuma nyumbani kwao bila kumuona. Baba mwenyewe ni daktari wa watoto. Walipigania sheria, ikasainiwa 2008 ikiwa na jina la mtoto huyo, na ikachukua miaka mingine kumi mpaka Mei 2018 ndo kila gari jipya dogo kule likalazimishwa kuwa na kamera ya nyuma. Sheria imeweka mpaka muda: ukiingiza rivasi picha iwe imetokea ndani ya sekunde 2. Nikisoma hayo nilikaa kimya kidogo. Kila ninapoweka rivasi hapa Ngamiani natumia kitu kilichotokana na msiba wa watu.

Ndo maana naona si jambo dogo. Mwaka 2025 Ford waliita zaidi ya magari milioni 1 Marekani kwa kosa la programu lililoweza kufanya picha ya nyuma ichelewe, igande, au isitokee. Wameziweka hizo tatu kwenye kapu moja, na kwa upande wa kisheria naelewa, zote ni kamera isiyofanya kazi. Kwangu mimi niliyekaa pale hazilingani. Ikichelewa naisubiri. Isipotokea naijua. Ikiganda naiamini.

Nilimuuliza mpwa wangu kama ni kazi ngumu kuzuia. Akasema si ngumu sana: kila picha inayotoka kwenye kamera ipewe namba, na kitu kingine tofauti na kile kinachochora kiangalie kama namba inasonga, isiposonga kwa muda mfupi sana skrini ifunikwe nyeusi na iandike hakuna picha. Basi. Nataka hicho tu. Nataka gari ikishindwa kuona ikiri.

Alafu akanipa onyo ambalo sikulifikiria. Ile mistari inayopinda ukizungusha usukani inachorwa juu ya picha, kwa hiyo inaweza kuendelea kupinda vizuri huku picha ya chini yake imekufa. Yaani hata ukizungusha usukani na kuona mistari inacheza hujapata uhakika.

Mbali na kwao

Kinachonipa mawazo zaidi ni kwamba haya magari yamefika kwetu yakiwa yameachana na watu wao. Gari iliyotengenezwa kwa soko la Japani, skrini ya Kijapani, ramani ya Japani kwenye memori kadi (ukiwa Raskazone inakuonyesha upo katikati ya bahari au haionyeshi kitu), redio inayokamata masafa ya huko, stesheni zetu nyingi haizifikii. Apdeti ikitoka huko haitakufuata Tanga. Mtengenezaji akiita magari, barua inaenda kwa mwenye gari wa kwanza, ambaye alishaliuza mnadani zamani.

Na skrini nazo zina umri. Mwaka 2021 Tesla waliita magari kama 135,000, Model S za 2012 mpaka 2018 na Model X za 2016 mpaka 2018, kwa sababu ile memori ndogo ya gigabaiti 8 iliyo ndani ya kompyuta ya skrini ilikuwa inachoka. Memori za namna hiyo zina kikomo cha kuandikwa na kufutwa, gari ilikuwa inaandika kumbukumbu zake humo kila siku, miaka ikipita memori inakufa, skrini inaondoka na kamera inaondoka nayo. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ndo ilisukuma mpaka wakakubali. Hapo unaona kwamba kuna kuganda ambako betri mpya haitakusaidia, na ukiona skrini inazidi kuchelewa kuamka mwezi hadi mwezi, inajiristati ovyo, hata betri ikiwa nzima, jua umefika huko.

Sisemi watu wasinunue. Yangu naipenda kwa kweli, naichaji usiku nyumbani, Muheza naenda na kurudi bila wasiwasi, na mama siku hizi hataki kupanda nyingine kwa sababu haina moshi wala kelele na kifua chake kinamsumbua. Nasema tu kwamba ukinunua umejipa kazi ya kuwa wewe ndo unayeifuatilia, maana hakuna mwingine.

Sasa hivi nafanyaje

Kila asubuhi kabla ya kuachia breki natafuta kitu kinachotembea kwenye picha. Kuku, jani la mwembe, mtu anayepita. Kama vyote vimetulia nasogeza gari kidogo tu, kiasi cha kiganja, nione kama nguzo ya geti inahama kwenye skrini. Isipohama sirudi nyuma hata kidogo. Na saiti mira kwanza, skrini baadaye, hilo nimemfundisha na mdogo wangu anayeazima gari. Mama akiwepo anasimama getini na kanga yake begani anachunga njia, anasema yeye hagandi.

Betri ndogo naipima mwenyewe, mita ya kawaida ya dukani inatosha, asubuhi kabla ya kufungua milango ovyo. Ikishuka chini ya 12.2 ikiwa imepumzika naanza kutafuta hela. Na gari ikikaa siku bila kutembea naiwasha ikae iko tayari kwa muda, ili betri kubwa liilishe ndogo.

Kuna jambo moja sijaliamua. Fundi wa Makorora ananishauri tufunge kamera nyingine ya nyuma, ya kujitegemea kabisa, na kiskrini chake kidogo, umeme wake utoke kwenye taa ya rivasi, isihusiane na kompyuta ya gari. Faida naiona, ikifa inakuwa nyeusi na nitajua. Wasiwasi wangu ni kukata nyaya za nyuma za gari ambayo mchoro wake hatuna, na hizi kamera za bei rahisi na unyevu wa hapa kwetu, kioo chake kinaingia ukungu baada ya msimu mmoja wa mvua. Mpwa wangu anasema tuchukue umeme wa taa kwa rilei badala ya kukata moja kwa moja. Fundi amekubali kujaribu kwanza kwenye gari yake mwenyewe.

Kama kuna mtu Tanga, Pangani, Korogwe au popote amefunga hiyo kwenye gari ya umeme, aniandikie hapo chini amechukua umeme wapi na imedumu muda gani. Na kama skrini yako nayo inastaki asubuhi, kabla hujaristati soma betri ndogo, uniambie namba.